Maswali yanayoulizwa sana kuhusu The Thing ya 1982, muvi iliyopondwa na wakosoaji na leo wanaiheshimu

Kila mtu akimaliza kuiangalia hii muvi ya John Carpenter anakuja na maswali yale yale, na wengine wanauliza hata kabla hawajaigusa, kwahiyo nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa ninavyoijua. Kama hujaiona soma maswali ya juu tu. Ukifika kwenye lile la Mnorwe simama, kaangalie muvi kwanza alafu rudi, maana kuanzia pale nasema kila kitu.

Hii muvi inahusu nini kwa kifupi?

Wanaume 12 wa Kimarekani wako kwenye kituo cha utafiti huko Antaktika, msimu wa baridi ndo unaanza, redio haishiki mtu. Siku hiyo anatokea mbwa anakimbia kwenye theluji, nyuma yake kuna helikopta ya Wanorwe, na jamaa ndani yake anampiga mbwa risasi kama vile ana ugomvi nae wa miaka. Wanorwe wanakufa, mbwa anabaki kituoni, na mbwa yule sio mbwa. Ni kiumbe kilichotoka anga za juu, kimekaa kwenye barafu miaka zaidi ya laki moja, na uwezo wake ni kwamba kikikugusa na kupata nafasi kinakumeza chembe kwa chembe alafu kinakuwa wewe, sura yako, sauti yako, kumbukumbu zako. Basi kuanzia hapo hamna anayejua aliyekaa nae meza moja ni mtu au ni lile dude.

Kurt Russell ndo steringi, anacheza kama MacReady, rubani wa helikopta. Keith David yumo kama Childs, hii ndo ilikuwa nafasi yake kubwa ya kwanza kwenye sinema. Wilford Brimley yumo kama Blair, yule mwanabayolojia, na kwangu mimi yeye ndo anatisha kuliko wote kwasababu ndo wa kwanza kuelewa.

Mbona naona kuna muvi tatu za jina hilo, ipi ni ipi?

Zote zinatoka kwenye hadithi moja ya John W. Campbell, Who Goes There?, iliyochapwa 1938 kwenye jarida la Astounding Science-Fiction, na aliitoa kwa jina la uandishi la Don A. Stuart. Mwaka 1951 ikatoka The Thing from Another World, produza wake Howard Hawks na aliyeandikwa kama muongozaji ni Christian Nyby, hiyo dude lake ni jitu refu moja tu linalotembea, hamna habari ya kuigiza sura za watu. Carpenter alikuwa anaipenda sana, mpaka kwenye Halloween yake ya 1978 watoto wanaonekana wanaiangalia kwenye tivii.

Ya 1982 ndo tunayoizungumzia hapa. Mwandishi wake Bill Lancaster, mtoto wa muigizaji Burt Lancaster, alirudi kwenye ile hadithi ya Campbell akachukua wazo lenyewe la dude linaloiga. Alafu kuna ya 2011, ambayo ina jina lile lile kabisa na ndo inawachanganya watu, hiyo inaelezea yaliyotokea kwenye kambi ya Wanorwe kabla ya mbwa kukimbia. Kwahiyo ukitafuta hakikisha umeandika 1982.

Ni kweli ilipondwa ilipotoka?

Ilipondwa vibaya mno. Vincent Canby wa New York Times aliiita ya kipumbavu na ya kukatisha tamaa, na akaiweka kwenye fungu la takataka. Roger Ebert aliipa nyota mbili na nusu kati ya nne, akasema kwa kukutapisha inafaulu sana, ila wahusika wake hawana uzito na wanafanya mambo ambayo mtu mwenye akili asingefanya, kama kutembea peke yao wakati wanajua hatari iliyopo. Jarida la Starlog, ambalo lilikuwa la wapenzi wa sayansi ya kubuni wenyewe, yaani watu wa nyumbani kabisa, lilichapisha maoni ya mwandishi mmoja akisema muvi inanuka na Carpenter bora akaongoze ajali za barabarani na watu kuchapwa viboko hadharani. Jarida la Cinefantastique likaweka swali kwenye jalada lake, je hii ndo muvi inayochukiwa kuliko zote duniani?

Na Nyby mwenyewe wa ile ya 1951 hakunyamaza. Alisema ukitaka damu nenda machinjioni, na kwamba muvi nzima ni tangazo zuri la pombe, maana MacReady kila saa ana glasi ya whisky ya J&B mkononi. Hilo lilimuuma Carpenter kweli, kwasababu ni watu aliokuwa anawaheshimu toka utotoni.

Kitu ambacho nataka mtu akielewe hapa, na ndo sababu kubwa ya mi kuandika haya yote, ni kwamba wale wakosoaji hawakulala ukumbini. Soma walichoandika, walikiona kila kitu. Waliona hamna tumaini, waliona wale wanaume hawapendani, waliona huwezi kujua nani ni nani, waliona dude halina umbo moja la kulishika akilini, waliona mwisho haukupi jibu. Yote hayo yamo kweli. Ukichukua ukosoaji wa 1982 na sifa za leo ukaviweka pamoja utashangaa vinataja mambo yale yale moja baada ya lingine, kilichobadilika ni kwamba zamani yalihesabiwa makosa.

Sasa kwanini waliichukia hivo?

Watu wengi wanajibu haraka haraka wanasema E.T. ndo iliiua, na ni kweli kwa sehemu. E.T. ya Spielberg ilitoka tarehe 11 Juni 1982, The Thing ikaja tarehe 25 Juni, wiki mbili tu, na zote mbili ni za Universal. Nchi nzima ya Marekani ilikuwa inalia kwa mapenzi na kiumbe kidogo kutoka angani ambacho ni rafiki wa watoto, alafu studio ile ile inakuletea kiumbe kutoka angani kinachopasua mbwa. Na siku hiyo hiyo ya tarehe 25 ilitoka pia Blade Runner, nayo ikaanguka, nayo leo inasomeshwa vyuoni. Kwahiyo siku moja ile watu walizipita muvi mbili kubwa kabisa za aina hiyo.

Lakini E.T. peke yake haitoshi, kwasababu Poltergeist ilitoka mwezi ule ule na inatisha na ilifanya vizuri. Tofauti ni kwamba Poltergeist ina familia, ina mama anayempigania mtoto, mwisho wake mtu anapumua. The Thing haikupi mtu wa kushika mkono. Carpenter amesimulia kwamba kwenye onyesho la majaribio binti mmoja aliuliza mwishoni sasa ilikuwaje, nani alikuwa dude, akamjibu tumia mawazo yako, binti akasema ah hapo nachukia. Nadhani ukumbi mzima ulikuwa na yule binti. Watu walilipa hela yao wakatishwe alafu waambiwe imeisha, na Carpenter aliwatisha akawaacha humo humo ndani.

Sababu nyingine ni hizo ifekti zenyewe. Kabla ya hapo dude kwenye sinema lilifichwa, unaona kivuli, unaona mkia, mwanga unawaka na kuzima. Alien ya 1979 ilifanya hivo na ilisifiwa kwa hivo. Carpenter akasema hapana, naliweka kwenye taa, muangalie. Wakosoaji waliona hiyo ni kukosa adabu, wakasema ifekti zimemeza watu. Na hapa nawapinga moja kwa moja, maana muvi ya dude linaloweza kuwa chochote usipoonyesha hicho chochote umeonyesha nini?

Ilipata hasara?

Bajeti dola milioni 15, Marekani iliingiza kama milioni 19.6. Ukikumbuka kwamba wenye kumbi wanachukua chao na matangazo yana gharama, studio haikufurahi hata kidogo. Wikiendi ya kwanza ilishika nafasi ya nane. E.T. iliingiza zaidi ya milioni 350 kwenye mzunguko wake wa kwanza hapo hapo Marekani.

Carpenter yalimkuta nini baada ya hapo?

Alikuwa amepangiwa kuongoza Firestarter, Universal wakamtoa, kazi akapewa mwingine. Mkataba wake wa muvi kadhaa na studio ukanunuliwa ukaisha. Akaenda kufanya Christine 1983 na Starman 1984, Starman ambayo ukiangalia ni ya mgeni mpole kutoka angani, na kwenye mahojiano amesema wazi kwamba katika kushindwa kote kulikompata The Thing ndo aliyoichukulia kwa uchungu zaidi na kwamba kazi yake ingekuwa nyingine kabisa kama muvi hiyo ingefanya vizuri. Ndo maana mimi siwezi kuliongelea hili kwa wepesi. Mtu alifanya kazi bora ya maisha yake akaadhibiwa kwa hiyo hiyo.

Nani alilitengeneza lile dude, na bila kompyuta walifanyaje?

Rob Bottin. Alikuwa kijana wa miaka 21, 22 hivi, na hakuna kompyuta hata moja kwenye dude lile, ni mpira, povu, waya, mipira ya maji, pampu, mafuta ya kulainisha, na watu waliojibanza chini ya meza wanavuta kamba. Alifanya kazi zaidi ya mwaka, siku saba kwa wiki, alikuwa analala humo humo studio, na ilipoisha akalazwa hospitali kwa uchovu. Lile dude la kwenye banda la mbwa tu ndo alilifanya Stan Winston na timu yake, kwasababu Bottin alikuwa amezidiwa, na Winston akakataa jina lake liwekwe kama mtengenezaji ili sifa zibaki za Bottin, wakamuandika kwenye shukrani tu. Huyu ni Winston ambae baadae alifanya The Terminator na Jurassic Park. Uungwana wa namna ile kwenye tasnia ile sio wa kawaida.

Chukua tukio la Norris, mmoja wa wale wanaume 12. Norris ameanguka, moyo umesimama, Dokta Copper anakuja na mashine ya kushtua moyo, anabana mara ya kwanza, mwili unaruka, anabana mara ya pili na kifua kinafunguka kama mdomo wenye meno, mikono ya daktari inazama mpaka kwenye viwiko, mdomo unafunga. Pale walitumia mtu ambae kwa kweli hana mikono kuanzia kwenye viwiko, wakamvalisha mikono ya bandia yenye mifupa ya nta na mishipa ya mpira, na usoni kinyago chenye sura ya muigizaji Richard Dysart. Kamera inakaa kwa muda mfupi sana, sekunde tu, na huwezi kugundua sio yeye. Alafu kichwa cha Norris kinaanza kujivuta shingoni, nyama inanyooka inakatika taratibu, kinadondoka chini, kinatoa ulimi mrefu unashika mguu wa meza na kujivuta, kinaota miguu ya buibui kinatembea kutoka chumbani. Palmer, mwenzao mwingine, anakiona anatamka maneno machache ya kutoamini macho yake, na ukumbi wowote niliokaa nao hapo watu wanacheka na kupiga kelele kwa pamoja.

Tukio hilo karibu liwaunguze. Kemikali walizotumia kuyeyusha ile shingo zilijaza chumba mvuke, Carpenter alivotaka moto kidogo mbele ya kamera mvuke ukashika na dude zima likawaka. Wakalitengeneza upya wakarudia.

Ilishinda Oscar ya ifekti?

Hapana, hata kuteuliwa haikuteuliwa. Mwaka ule kwenye ifekti waliteuliwa E.T., Blade Runner na Poltergeist, ikashinda E.T. Mimi hili bado linanikera.

Ilichezwa Antaktika kweli?

Hapana. Nje ni Stewart, mji mdogo wa British Columbia kule Kanada mpakani na Alaska, kituo walikijenga wakasubiri theluji ishuke. Na vipande vingine vilipigwa kwenye barafu za Juneau, Alaska. Ndani ni studio za Universal Los Angeles, walizipoza kwa mashine mpaka pumzi za waigizaji zionekane, huku nje ni joto la California. Ile kambi ya Wanorwe iliyoungua unayoiona mwanzoni ni kile kile kituo cha Wamarekani baada ya kuchomwa kwa ajili ya matukio ya mwisho, wakakitumia tena.

Mbona hamna mwanamke hata mmoja?

Sauti ya mwanamke ipo, ile kompyuta ya chesi inayomshinda MacReady akaimwagia pombe, ni Adrienne Barbeau, aliyekuwa mke wa Carpenter wakati huo. Zaidi ya hapo wote ni wanaume kama ilivyo kwenye hadithi ya Campbell. Wapo wanaolaumu, mi naona imeisaidia muvi kukwepa mambo ya mapenzi ambayo studio yoyote ingelazimisha yawekwe.

Yule Mnorwe mwanzoni anapiga kelele anasema nini?

Kuanzia hapa ni kwa walioiona.

Anasema tokeni hapo, huyo sio mbwa, ni kitu fulani kinajifanya mbwa. Yaani ameitoa siri yote dakika za mwanzo kabisa, kwa Kinorwe, na hakuna maandishi ya chini. Wamarekani wanasimama wanamuangalia kama kichaa, wanampiga risasi. Mtu anayejua Kinorwe akiingia ukumbini muvi inamharibikia papo hapo, na sisi wengine tunabaki upande wa wale Wamarekani ambao wameambiwa ukweli wote na hawakuuelewa. Kwangu mimi mwanzo huu ni mzuri kuliko mwanzo wa muvi nyingi zenye sifa kubwa zaidi.

Mbwa yule walimfundishaje?

Anaitwa Jed, chotara wa mbwa na mbwa mwitu. Angalia anavotembea kwenye korido peke yake, hana haraka, hatikisi mkia, haangalii kamera kabisa, anachungulia mlango mmoja anaacha, anaingia mlango wa pili. Ndani kuna mtu ameketi, unaona kivuli chake tu ukutani, kivuli kinageuza kichwa, inakata. Aliyekaa pale hakuwa mmoja wa wale waigizaji 12, walimuweka mtu mwingine makusudi ili watu wasikae kukagua pua na nywele za kivuli. Kwahiyo ukibishana na mwenzio kama ni Palmer au Norris, wote mko sawa na wote hamuwezi kuthibitisha.

Tukio la kupima damu, kwanini watu wanalisifia vile?

Hili ndo tukio linaloniambia Carpenter ni fundi. MacReady amewafunga wenzie kwa kamba, amegundua kwamba kila kipande cha dude ni kiumbe kamili kinachojitetea, kwahiyo damu yake nayo ukiichoma itakimbia. Kila mtu anakatwa kidole, damu inaingia kwenye kisahani chenye jina, anapasha waya kwenye moto wa bunduki ya kurushia moto anauchovya, tsss. Windows, tsss, mzima. Yeye mwenyewe, tsss. Copper na Clark ambao wameshakufa, tsss wote, na Clark ni MacReady mwenyewe aliyempiga risasi dakika chache kabla, Childs anamwambia usoni basi wewe ni muuaji. Hapo ndo mtu anaelewa kwamba steringi wetu ameua mtu asiye na hatia na muvi haisimami kumuombea radhi.

Sasa sikiliza Carpenter anachofanya. Tayari umezoea, waya, tsss, waya, tsss. Garry, mkuu wa kituo, anaanza kulalamika kwamba huu ni upuuzi hauthibitishi chochote, MacReady anamjibu nilijua utasema hivo, wewe tutakumalizia mwisho, na macho yako yote na masikio yako yamehamia kwenye mabishano yao, una uhakika ni Garry, huku mkono wake unachovya waya kwenye kisahani cha Palmer bila hata kukiangalia. Damu inaruka. Hamna muziki uliokuandaa, kamera haikusogea kukupa ishara. Alafu bunduki ya moto inakataa kuwaka, na Windows aliyetakiwa kumsaidia anaganda kwa woga na hapo hapo anakufa.

Ebert alisema wahusika hawana uzito. Mi naomba mtu aangalie nyuso za wale waliofungwa kwenye kochi pamoja na Palmer anayebadilika, wanavorusha miguu wakijaribu kutoka na kamba hazitoki, alafu anishawishi hawa sio watu.

Aliyegeuzwa anajijua kama ameshakuwa dude?

Muvi haisemi. Norris anakataa kupewa uongozi, anasema hataki, na anashika kifua kama mwenye maumivu ya kweli. Inaonekana dude linaiga mpaka ugonjwa wa moyo, linakupata wewe mzima mzima na mapungufu yako. Mi naegemea kwamba hawajijui mpaka dude likibanwa, ila kuna wenye hoja nzuri upande wa pili, mwandishi Peter Watts aliandika hadithi fupi mwaka 2010 inayosimuliwa na dude lenyewe, itafute.

Ile kompyuta ya Blair inasema nini hasa?

Inasema uwezekano wa mmoja au zaidi kituoni kuwa ameshaambukizwa ni asilimia 75, na kwamba dude likifika kwenye watu wengi dunia nzima itakwisha ndani ya saa 27,000. Hiyo ni kama miaka mitatu. Blair anasoma, anafungua droo, anachukua bastola, na baada ya hapo anavunja helikopta na redio. Wanamuita kichaa wanamfungia kwenye kibanda cha nje, lakini ukikaa ukafikiri yeye ndo aliyefanya hesabu sahihi kuliko wote.

Je ni muvi kuhusu Ukimwi?

Wengi wanaisoma hivo na naelewa, watu wanaume watupu, hatari isiyoonekana kwa macho, kipimo cha damu ndo kinachoamua nani aishi. Ila angalia tarehe, upigaji ulianza Agosti 1981 na jina lenyewe la AIDS lilianza kutumika rasmi Marekani Septemba 1982, muvi imeshatoka. Kwahiyo hawakuipanga hivo. Ni historia ndo iliyoikuta muvi njiani, na watu walioirudia kwenye kanda za video miaka ile ya themanini waliona kipimo kile kwa macho mengine kabisa. Kilichokuwepo toka mwanzo ni hofu ya kutomuamini mwenzio, na hiyo ilikuwepo toka hadithi ya 1938.

Na muziki? Nasikia ni wa Morricone lakini unafanana na wa Carpenter.

Ni wa Ennio Morricone, yule mtunzi maarufu wa Italia, na unafanana kwasababu ndo alichotaka Carpenter, kitu kimoja kinadunda tu kama moyo, na vipande vingine vidogo Carpenter aliongeza mwenyewe na Alan Howarth. Mwaka ule muziki huu uliteuliwa kwenye zile tuzo za Razzie za muziki mbovu kuliko yote. Morricone! Miaka ikapita, muongozaji Quentin Tarantino akatengeneza The Hateful Eight 2015, watu wamefungiwa ndani na theluji hawaaminiani, Kurt Russell yumo, na Morricone akampa humo na vipande alivyoviandika kwa ajili ya The Thing ambavyo havikutumika. Muziki wa muvi hiyo ukamletea Oscar mwanzoni mwa 2016. Sioni la kuongeza.

Mwisho nani ni dude, MacReady au Childs?

Kituo kimeungua, Childs anatokea gizani anasema alimfuata Blair akapotea, wanakaa, wanapeana chupa, basi. Nimezisikia nadharia zote. Ile ya pumzi kwamba ya Childs haionekani, iangalie tena kwa picha safi, pumzi ipo ila hafifu, ni taa na upepo. Ile ya kwamba chupa ina petroli na Childs hakujua, hamna popote muvi imeonyesha hivo. Ya hereni ya Childs inatoka kwenye muvi ya 2011 iliyokuja na sheria ya vitu vya chuma kukataliwa na dude, siwezi kuirudisha nyuma miaka 29. Carpenter anasema anajua jibu na hatosema.

Kuna mwisho mwingine walioupiga kwa tahadhari, MacReady ameokolewa, anapimwa damu, ni mzima. Mhariri Todd Ramsay ndo alishauri wawe nao endapo studio italazimisha. Haukuonyeshwa kamwe. Wangeuweka labda muvi ingeuza zaidi mwaka 1982 na leo tusingekuwa tunaiongelea.

Ilibadilikaje mpaka ikaheshimiwa?

Video. Kanda zilikuja, tivii ikaanza kuionyesha, na watu ambao hawakusoma New York Times wakaiangalia usiku majumbani kwao bila mtu kuwaambia ni mbaya. Kwenye kanda unaweza kurudisha nyuma, na hii ni muvi ya kurudisha nyuma, unataka kujua nani alikuwa na funguo za damu, nani alitoka na nani. Baadae wale vijana wakawa waongozaji na wakosoaji wenyewe. Tarantino amesema Reservoir Dogs ina deni kwake, Guillermo del Toro anaitaja kila siku. Ile ya 2011 nayo ilisaidia bila kutaka, walitengeneza madude ya kweli ya mpira alafu sehemu kubwa yakafunikwa na michoro ya kompyuta, watu walivoiona wakarudi kumtafuta Bottin. 2022 ilirudishwa kumbini Marekani kutimiza miaka 40. Na kwenye kituo cha Amundsen-Scott pale Ncha ya Kusini wanaobaki msimu wa baridi wana desturi ya kuiangalia ndege ya mwisho ikishaondoka.

Inafaa kuangalia na watoto?

Hapana. Tukio la banda la mbwa peke yake linatosha kumnyima mtoto usingizi.

Niiangalieje mara ya kwanza?

Kama umezoea muvi za kutafsiriwa ambazo jamaa anaongea juu ya sauti mwanzo mwisho, hii iangalie na sauti yake yenyewe, hata kama Kiingereza kinakupita sehemu weka maandishi ya chini, kwasababu nusu ya kazi inafanywa na ukimya, upepo wa nje, ule mdundo. Zima taa. Simu weka mbali, ni dakika 109 tu. Usiangalie ya 2011 kwanza hata kama hadithi yake inatangulia, itakuibia siri ya mbwa na ya Wanorwe. Ukiipenda endelea na Prince of Darkness ya 1987 na In the Mouth of Madness ya 1994, Carpenter mwenyewe anazihesabu hizo tatu kama kundi moja. Alafu baada ya wiki rudia The Thing, safari hii mfuatilie Palmer tu toka mwanzo, uone anachosema na wakati gani anajitolea kwenda na nani.